Elphas Alipomwigiza Mama

Mama Elphas si mtu mbaya, na anayebisha aje tuonane. Lakini miaka yote hii alituambia sisi wanawake wa kikundi cha maombi kwamba mwanawe yuko Qatar, nasi kila Jumatano tukamwombea kijana ulinzi katika nchi ya joto. Elphas alikuwa chumba cha nyuma, papa hapa mtaani Kaptembwo, akigombana na watu ambao yeye tu ndiye aliyewaona. Nyumba zetu ni za mabati. Tulimsikia, tukaendelea kuomba.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na simu ya bintiye. Dawa za kliniki zilipomtuliza Elphas, dadake Jemutai, anayesomea filamu mjini, alirekodi sinema naye na kutualika ukumbi wa kanisa tuitazame. Mama mtu aliambiwa ni kazi ya chuo tu. Akaja na kitambaa kipya kichwani, akaketi mbele kando yangu.

Sinema yenyewe haikuwa na mapenzi wala bunduki. Mwigizaji alikuwa mmoja, Elphas, na hakuigiza ugonjwa wake hata kidogo. Alimwigiza mamake. Alijifunga leso, akapika chai, akasikia hodi, akakimbia kutia kufuli mlango wa chumba cha nyuma. Kisha akawafungulia wageni akitabasamu. "Elphas? Ako Qatar. Anawasalimia sana." Wageni walipotoka, akaketi sakafuni karibu na ile kufuli, akalia akijiziba mdomo kwa leso.

Alikuwa mamake mtupu, hadi anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo. Mama Elphas aliinama mpaka nikadhani anatafuta kiatu. Mimi nami uso uliniwaka, maana wageni wale wa chai tulikuwa sisi.

Taa zikawashwa. Mchungaji Ngigi, ambaye hawezi kuacha jambo lipite, akamwuliza Elphas mbele yetu sote, "Sasa kijana, huyu mama ni nani? Asimame tumwone."

Elphas akatazama mstari wetu. Mamake akamtikisia kichwa polepole.

"Hakuna mtu, pastor," Elphas akasema. "Hiyo nilitunga tu. Mum hajawahi nificha."

Watu wakapiga makofi, wamefurahi kuokolewa. Alidanganya vizuri kijana yule, kama alivyofunzwa.

Ndipo mamake akasimama, amenishika bega. "Ni mimi," akasema. "Hakuna Qatar. Nilimfungia."

Makofi yakakatika. Nilimwonea huruma, nikataka kumpunguzia mzigo. "Keti, Mama Elphas," nikamwambia. "Sisi tulijua kitambo."

Akaondoa mkono begani mwangu.

"Mlijua," akasema. "Mkakuja kwangu, mkakunywa chai, mkaenda. Na hakuna hata mmoja wenu aliuliza kama anaweza kumsalimia Elphas."