Mwenye Kamera Hagusi

Picha inayopendwa kuliko zote studioni kwetu ni ya kaka zangu wawili wakiuana. Imetundikwa juu ya kaunta, kubwa kama mlango wa kabati, na wateja wanaokuja kupiga pasipoti hucheka kwanza ndipo wakae kwenye stuli. Kaka mkubwa, tunayemwita Bonge, ana miaka tisa hapo. Amemkalia mdogo wake kifuani na meno yamezama kwenye sikio. Huyo mdogo ni Njiti, ana miaka sita, mdomo wazi, chozi limesimama shavuni linameremeta. Kipande cha sikio kile hakikurudi, na mpaka leo Njiti akipigwa picha hugeuza uso ili upande ule usionekane.

"Nilikuwa napita tu uani, nikaipata," marehemu baba alipenda kuwasimulia wateja. "Moja tu! Kisha nikawaachanisha."

"Mzee, una bahati wewe," walimjibu.

Mimi ni kitinda mimba, nilikuwa bado nanyonya siku hiyo. Nilipokua nikaanza kuijua kazi, nilichosifia ni mwanga. Wale wawili wako kwenye kivuli cha ukuta, lakini kila jino linahesabika. Baba ndiye aliyetufundisha: mtu akiwa kivulini, msaidizi husimama upande wa jua na shuka nyeupe mikononi, analirudisha jua usoni kwa anayepigwa. Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kushika shuka. Nilishika mpaka mikono ikafa ganzi, na ole wangu nitikisike.

Sheria yake nyingine ilikuwa fupi. Mwenye kamera hagusi. Mtoto akianguka mbele ya lenzi, piga. Bibi harusi akizimia, piga. Alisema wenye mikono ya kuinua wako tele, wenye jicho ni wachache. Akafa na sheria yake mdomoni, akatuachia studio, mama yetu, na Bonge akiwa bosi.

Bonge hakuacha kumpiga Njiti kwa sababu eti wamekuwa watu wazima. Alimzaba makofi mbele ya wateja. Alimfungia kwenye chumba cha kusafishia picha akaenda zake kula. Siku moja alimbana vidole kwa mlango wa gari, kimoja kikavunjika, akasema ni upepo. Upepo! Njiti alikuwa mtu wa kumeza. Mimi mkono wake haukunifikia, nadhani kwa sababu sikuwa na kitu alichokitaka. Njiti alikuwa nacho, jicho la baba. Bonge hupiga picha kama karani anayegonga mihuri, na anajua, na kujua huko ndiko kulikomtafuna.

Nyuma ya nyumba yetu kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa, shimo lenye kuta wima. Chini kidogo ya ukingo, kwenye kijukwaa cha mwamba, tai walijenga kiota. Njiti akafunga turubai mahali ukingo unapopinda, akasimika lenzi ya baba, ile ndefu ya chuma, akaanza kuwapiga. Makinda wawili wakaanguliwa. Wa kwanza alitangulia, na mdogo wake alipotoka kwenye yai alimkuta tayari ana shingo nene. Nyama ilikuwa ya kumwaga, mpaka nyingine ikaoza pembeni ya kiota, kwa hiyo asiniambie mtu habari za njaa. Kinda mkubwa alikula akashiba, kisha akageuka akaanza kumdonoa mwenzake kichwani. Alimdonoa asubuhi, akapumzika, akamdonoa tena. Alimchuna mgongo. Mama tai alisimama hapohapo kando, anachambua manyoya yake.

Picha hizo zilinitoa jasho. Mama mmoja mwenye jumba la maonyesho aliziona, akataka mfululizo wote, tangu yai mpaka mwisho. Bonge alichapisha kadi za mwaliko zenye jina lake peke yake. Nilidhani hapo ndipo Njiti atalipuka, lakini hakuziangalia mara mbili. Alikuwa akimuwaza yule kinda mdogo.

"Kaka, bado ana nguvu," alisema asubuhi ile, tukiwa jikoni. "Leo anakula mwenyewe akipata nafasi. Naenda kumtoa."

Bonge akaweka kikombe chini. "Kumtoa umpeleke wapi?"

"Nitamlea. Kuna banda la kuku tupu pale nyuma."

"Wewe una wazimu? Nimeshaahidi mfululizo mzima. Watu wanataka mwisho."

"Mwisho gani?"

"Unaujua. Na sheria ya mzee unaijua. Mwenye kamera hagusi."

"Basi leo mimi sishiki kamera." Njiti akanigeukia. "Mdogo wangu, nenda ukae kwenye turubai. Ukimwona mama yao anarudi, nipigie mluzi asije akanitoboa kichwa."

Mama alikuwa anakunja mashuka kwenye kiti cha dirishani. "Msigombane, wanangu," alisema, bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayemfukuza paka. Hivyo ndivyo alivyosema siku zote.

Nilikwenda. Nilipoweka jicho kwenye lenzi nikamwona kinda mdogo kana kwamba yuko mapajani kwangu. Utosi wake ulikuwa nyama tupu. Alikuwa amejisukuma mpaka kwenye ukingo wa kiota, kichwa amekificha kwenye vijiti, na kila alipohema kaka yake alisogea hatua moja. Kisha mkono wa Njiti ukashuka kutoka juu, umevishwa glavu ya fundi wa kuchomelea. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni. Akamwinua yule kiumbe, akamtia ndani ya shati, akafunga vifungo. Nilicheka peke yangu mle turubaini. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mtoto.

Ndipo viatu vya Bonge vikaingia kwenye picha.

Teke la kwanza lilimpata Njiti mbavuni kabla hajasimama. La pili lilimgeuza chali. Bonge akainama, akapasua shati, akamtoa kinda kwa bawa moja, akamning'iniza hewani.

"Rudi kazini," akamwambia. Sauti ilinifikia vizuri, mawe yale hurudisha kila neno. Akamtupa kiotani.

Kinda mkubwa alimpokea shingoni. Alimkanyaga, akavuta, akavuta tena, na safari hii aliyevutwa hakujificha popote. Haikuchukua muda.

Njiti aliangalia mpaka ikaisha. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Alisimama akamrukia Bonge, akampiga kichwa katikati ya uso. Pua ilipasuka nikaisikia. Walianguka pamoja, wakabiringika kwenye changarawe, wanang'atana, wanakwaruzana, Njiti analia kwa hasira na Bonge anatukana kwa mdomo uliojaa damu. Lakini njiti ni njiti na bonge ni bonge. Mkubwa akapanda juu. Akamkalia kifuani, akazungusha mikono yote miwili shingoni, akakaza. Kichwa cha Njiti kilikuwa kinaning'inia nje ya ukingo, hewani, juu ya shimo.

Nikasikia kamera inalia. Ilinichukua muda kutambua kwamba kidole kilichokuwa kinabonyeza ni changu. Tena nilikuwa nimeshageuza lenzi kidogo ili nyuso zao zisiwe na ukungu! Mkono ulikuwa unafanya ulichofundishwa, na mimi nilikuwa ndani yake kama abiria.

Njiti akageuza uso kuelekea turubai. Macho yalikuwa yamemtoka. Akanielekezea sikio lile, lile lisilokamilika, ambalo maisha yake yote hulificha kwenye lenzi.

Niling'oa kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, nikakimbia. Ile kona ya ukingo niliipita sijui vipi. Bonge hakunisikia, alikuwa anakaza tu, mishipa imemsimama. Nikaishika kamera kwa mkanda, nikazungusha lenzi ya baba kwa nguvu zangu zote, ikampata chini ya jicho. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Akaanguka upande wa changarawe, Mungu saidia, si upande wa shimo. Nikampiga tena. Nikampiga tena, na hapo sikuwa namwokoa mtu yeyote, niliseme hilo wazi. Nilitaka aache kuwa na uso.

"Inatosha," Njiti alikoroma nyuma yangu. Alikuwa amenishika mguu. "Inatosha, utamuua."

Bonge alilazwa. Kuhusu jicho moja, daktari hakuahidi chochote. Jioni tulikaa jikoni sisi watatu, Njiti shingo imevimba ina alama za vidole. Kamera ilikuwa mezani, kioo cha lenzi kimebaki vipande. Mama aliitazama muda mrefu.

"Ulipiga?" akaniuliza.

"Nilimpiga, mama. Ndiyo."

"Picha. Nauliza picha. Kabla hujakimbia, ulipiga?"

Njiti aliinua uso. Sikuweza kumdanganya mbele ya shingo ile. "Nilipiga. Tatu, labda nne."

"Kisha ukaacha."

"Kisha nikaacha."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Baba yenu alimaliza mkanda mzima wa filamu," alisema.

"Alisema ni moja," nikamwambia. "Alisema alipiga moja akawaachanisha."

"Moja ndiyo aliyoitundika. Aliwaacha mpaka mkanda ukaisha. Wakati huo kipande cha sikio kilikuwa chini."

Njiti akagusa sikio lake. Mlango wa kwenda studioni ulikuwa wazi, na kutoka pale nilipokaa niliiona picha juu ya kaunta. Meno yote yanahesabika. Chozi linameremeta, kwenye kivuli cha ukuta. Nimeusifia mwanga ule kwa wateja tangu niko msichana, mimi, niliyekulia kwenye kazi ya shuka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza.

"Mama," nikasema. "Siku ile shuka nani alishika?"

Aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, kama anayetafuta doa.

"Aliniambia nisitikisike," alisema.