Nyumba ya Magunia

Jumatatu, baada ya kipindi cha mwisho, Mwalimu Gaudensia aliwapanga wanafunzi wake wa ufundi ukumbini: hawa wakoroge uji wa muhogo, hawa washone magunia ya tumbaku, waliobaki wapigilie mirunda, miti ya kusimamishia kuta. Shule ilikuwa ikiandaa mchezo wa wapagazi waliotoka Tabora kwenda pwani enzi za misafara, na jukwaani ilitakiwa nyumba ya mke wa mpagazi anayemngoja mumewe. Magunia yalipakwa uji ili yakaze, kisha udongo mwekundu. Ukisimama nyuma ya ukumbi ungeapa ni ukuta wa tofali.

Mwalimu Wilbroad, aliyeutunga mchezo, alikuja na mchoro wake.

"Mwalimu, dirisha nimelichora kushoto. Wewe umeliweka kulia."

"Likikaa kushoto, jua la jioni litawapiga watu machoni wakati wa kula."

"Humu ndani jua litoke wapi?"

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na ukuta mtupu, hilo ni kweli. Lakini jioni jua liliingia kupitia dirisha la magunia, likalala sakafuni, na Wilbroad akasogeza kiti chake pembeni ili aendelee kusoma.

Gaudensia hakuwa amepima kwa futi. Mikono yake ilikuwa inajenga nyumba pekee iliyoijua, ile ya Ipole, aliyoijenga na mumewe Tobias kwa matofali waliyochoma wenyewe. Tobias alipofariki, kaka yake Kornel alingoja matanga yaanuliwe, kisha akamwambia kwa upole kabisa, "Shemeji, hukuzaa naye. Nyumba ya ndugu yetu inabaki kwetu." Wazee wa ukoo walisema bila neno la mwenye nyumba wao hawana la kufanya, na mwenye nyumba hakuwa ameacha neno lolote. Sasa Gaudensia alikuwa amepanga chumba njia ya Kipalapala. Kila akirudi kutoka kazini alichelewa kufungua mlango, kwa kuwa ndani hakukuwa na mtu wa kumwambia habari za kutwa.

Jumatano, bawaba zilipokwisha kufungwa mlangoni, Tobias aliingia. Aliinama, maana kule Ipole mlango ulikuwa mfupi na alikuwa amejigonga sana mpaka akazoea. Akavua viatu kizingitini, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao, akaketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee," wanafunzi walimwamkia.

"Marahaba. Endeleeni na kazi."

Wakaendelea. Binti aliyekuwa akipaka udongo alimwomba ainue miguu, naye akainua. Wilbroad alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba mume katika mchezo wake hafiki nyumbani mpaka onyesho la mwisho. Wakakubaliana kwamba Tobias atakaa pembeni, kimya. Kwa kukaa kimya, Tobias hakuhitaji mazoezi.

Wanafunzi walipoondoka, Gaudensia alimletea uji wa mtama. Hakuunywa, alikishika tu kikombe apate joto. Gaudensia akakaa karibu naye. Alikuwa na hamu naye kiasi cha kutojua aanzie wapi, akaanza na nyumba.

"Kaka yako atakuja Ijumaa, binti yake anaigiza. Mwambie mbele ya watu kwamba nyumba ya Ipole tulijenga wote, na ni yangu. Neno hilo tu, Tobias."

"Nitasema."

"Hata ulipokuwa unaumwa uliniambia utasema."

"Nitasema, Gaude." Akautazama mlango. "Bawaba ya chini inataka mafuta."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wazazi waliotoka upande wa Sikonge, jirani na Ipole, walimtambua Tobias pale pembeni, wakampungia mkono. Mchezo uliisha vizuri, watu wakapiga makofi, na Kornel akapanda jukwaani na kofia yake mkononi.

"Umepungua, mdogo wangu."

"Kule hatuli sana. Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Kornel aliupiga ukuta kwa kiganja, akachungulia dirishani, akafungua mlango na kuufunga. "Nyumba hii ya nani?"

Gaudensia alimtazama mumewe. Mwalimu mkuu alikuwepo, Wilbroad alikuwepo, wazazi walikuwa bado hawajatoka. Mashahidi wa kutosha. Tobias alivitazama viatu vyake pale kizingitini, akafumbua mdomo.

"Karibu ndani, kaka," alisema.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakumjua Tobias.

Kornel aliingia, akakaa kidogo, akatoka. "Alipo ndugu yetu ndipo kwake," alimwambia mwalimu mkuu, "na kwake ni kwetu. Tutaichukua kesho." Mwalimu mkuu hakuona tatizo, ukumbi ulikuwa unahitajika kwa mitihani.

Asubuhi trekta lilikuja na tela. Gaudensia alisimamia ubomoaji mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mrunda upi utangulie kutolewa. Wanafunzi walichomoa misumari na kuinyoosha. Kabla mlango haujapakiwa, alileta mafuta ya cherehani akaitia bawaba ya chini, ili mlango usilie kila watakapoufungua. Tobias alipanda kwenye tela, akakaa katikati ya magunia, ameushika mlango usianguke.

"Nitasema, Gaude," aliita trekta lilipowashwa. "Tukifika tu, nitasema."

"Haya," alijibu Gaudensia. Alimpenda bado, na hilo lilimuuma kuliko nyumba.

Jioni alirudi ukumbini kufagia. Jukwaa lilikuwa tupu, lakini jua liliingia palepale upande wa kulia, likachora dirisha sakafuni. Gaudensia aliuegemeza ufagio ukutani, akavua viatu pale kilipokuwa kizingiti, akaingia.