Tisa wa Darajani

Kinyozi alikuwa na viti viwili na vita vya zamani visivyokwisha. Vilipiganwa miaka thelathini iliyopita na nchi jirani, vikapiganwa upya kila Jumamosi katika chumba chake, na kila Jumamosi Koplo aliibuka mshindi. Koplo alikuwa askari mstaafu, mwenye medali mbili na meno ya kuhesabika, na hakuwa na hadithi nyingine.

"Darajani hatukupoteza hata mtu mmoja!" alinguruma. "Hata mmoja!"

Kinyozi alinyoa tu. Kaka yake alikuwa kikosi kimoja na Koplo, na hakurudi. Kwa kuwa serikali ilishatangaza kwamba darajani hakufa mtu, barua iliyoletwa nyumbani ilimwita mtoro. Mama yao akawa mama wa mtoro mtaa mzima, akaacha kusalimiana na watu. Mwanawe hakuwahi kuliliwa. Kinyozi alimwuliza Koplo mara moja tu, akaambiwa asichokonoe. Tangu hapo alikufa ganzi, akawa anasikia habari za daraja kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Jumamosi hiyo aliingia dereva wa lori kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mzima mwenye mvi. Koplo alikuwa kitini, povu shavuni, akamtambua kwa lafudhi.

"Karibu ndugu. Poleni kwa kushindwa."

"Tulishindwa lini?" Dereva alicheka. "Darajani nilikuwepo, mzee mwenzangu. Mlitoka nduki! Nilichimba mwenyewe kaburi la watu wenu kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja?" Koplo aliruka, nusura wembe umkate. "Mwongo mkubwa wee! Walikuwa tisa! Tisa tu, niliwahesabu mwenyewe! Na ninyi mliacha zaidi ya thelathini!"

Koplo alikuwa wa mwisho kusikia alichokisema.

"Kaka yangu alikuwa wa ngapi?" kinyozi akauliza, kwa sauti ileile anayowauliza wateja kama apunguze pembeni.

Koplo akaangalia sakafu. "Wa tatu. Risasi ya shingo. Hakuteseka."

"Twende ukamwambie mama. Ni hapo nyuma, mlango wa pili."

"Siwezi, mdogo wangu. Nikimwambia yeye, kesho mtaa mzima unajua. Kama walikufa tisa, sisi tulishinda nini?"

Akajifuta povu kwa mkono wa shati, akatoka na ndevu za shavu moja. Kinyozi alingoja hasira imjie. Haikuja. Alikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena.

Dereva akavua kofia. "Nitakwenda mimi."

Mama alikuwa kitandani, anapanga nguo zilizokauka. Kinyozi alimweleza kwa maneno machache. Mama hakupiga kelele. Alimtazama mgeni kuanzia utosini hadi viatuni.

"Ni wewe uliyemwua?"

"Sijui, mama. Tulikuwa tunapiga wote."

"Na kuzika?"

"Nilizika mimi. Walikuwa tisa. Kumi na mmoja nilitia chumvi."

"Shimo lilikuwa na kina gani?"

"La kiunoni. Ardhi ilikuwa ya mawe."

"Ulimfunika uso?"

"Wote niliwafunika, mama. Kwa makoti yao."

Mama alisogeza nguo pembeni ili mgeni apate pa kukaa. "Ahsante," alimwambia. "Ahsante kwa kumzika mwanangu." Kisha akamgeukia kinyozi. "Nenda kawaambie majirani nina msiba."

Kinyozi alitoka, akabisha mlango wa kwanza. Akafungua mama mmoja mwenye mwiko mkononi.

"Tumefiwa," kinyozi alisema. "Kaka amefariki."

"Maskini! Lini?"

Alifungua kinywa amjibu. Ikamjia miaka yote thelathini, na hapohapo, mbele ya mlango wa watu, akaangua kilio.