Milimita Kumi na Tisa

Mama mkwe alinikabidhi chupa ya tatu ya maji tukiwa bado kwenye benchi la kliniki.

"Kunywa, mwanangu. Picha haionekani bila maji."

"Mama, nitapasuka."

"Utapasuka ukishapigwa picha."

Nikanywa. Mimi ni fundi cherehani. Mtu aliyezaa watoto saba simbishii mambo ya uzazi. Tena nilikuwa na hofu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa wa miezi sita, akapumua saa moja, akanyamaza. Mimba hii ilikuwa na wiki ishirini, na mkunga aliniambia wazi: aliyewahi kujifungua kabla ya wakati anaweza kurudia, kwa hiyo ni lazima nipimwe urefu wa mlango wa kizazi. Ukiwa mrefu, unamshikilia mtoto. Ukianza kufupika mapema, mtoto yuko hatarini.

Mpimaji alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani. Kliniki nzima ilimwita Bibi Milimita. Alinilaza kwenye kitanda kilichotandikwa karatasi, akapima kwa kifaa chembamba kinachoingia kwa chini, akatazama skrini.

"Milimita thelathini na tatu."

"Ni nzuri?" mama mkwe akauliza, mkoba mapajani.

"Ni nzuri sana."

Nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa moyo wote. Nilipofumbua, Bibi Milimita alikuwa amevaa miwani na kukunja uso.

"Binti, umekunywa maji kiasi gani?"

"Chupa tatu."

Akamgeukia mama mkwe taratibu. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Enzi zetu tuliambiwa tunywe."

"Kwa picha ya juu ya tumbo, sawa. Hii ni ya chini. Kibofu kikijaa kinaubana mlango, unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Binti, nenda chooni, ukirudi tunaanza upya."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kitambaa ukikivuta wakati wa kupima, kinakudanganya. Ukikiachia kinarudi, na nguo inakuja kumbana mwenyewe. Kule chooni niliegemea ukuta wa vigae nikaomba: Ee Mungu, nimekushukuru kwa kipimo cha uongo. Sasa nipe cha kweli, hata kama kitaniuma.

Bibi Milimita alipima mara tatu, bila haraka. Ishirini na moja. Ishirini. Kumi na tisa.

"Tunachukua kifupi kuliko vyote," alisema. "Chini ya ishirini na tano ni hatari."

Kisha akanigeuzia skrini. Kichwa cha mwanangu kilikuwa palepale, duara jeupe, na chini yake kipande kidogo cha nyama kilichojifunga. Milimita kumi na tisa. Mimi naijua: ni upana wa kifungo cha koti. Mtoto mzima, na moyo wake unaodunda, alikuwa ameshikiliwa na kitu cha upana wa kifungo. Sikulia. Nilihisi kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

"Kama tungebaki na thelathini na tatu?" niliuliza.

"Ungekwenda nyumbani ukicheka," akasema. "Bila dawa."

Daktari aliniandikia vidonge vya homoni, vya kuweka ukeni kila jioni, na kupimwa tena baada ya wiki mbili. "Vinapunguza hatari," alisema. "Haviiondoi. Siwezi kukuahidi."

Tulipofika mlangoni kwetu, mama mkwe alisimama.

"Ningemuua mjukuu wangu kwa maji."

"Mama, ulinipenda tu."

"Nilijifanya najua," akasema.

Tangu siku hiyo, kila jioni alinikumbusha kidonge, kisha akapiga magoti kuomba pamoja nami, yeye ambaye magoti yalimsumbua. Kila tulipokwenda kliniki alinipekua mkoba kwanza. "Hujaficha chupa humo?"

Wiki ya ishirini na nne ilipita, ile ya mtoto wangu wa kwanza. Ikapita ya thelathini. Kila asubuhi nilipoamka bado yumo tumboni nilinyamaza kwanza, kwa kuogopa kuigusa neema ile kwa maneno.

Alizaliwa wiki ya thelathini na nane, msichana, akipiga kelele wodi nzima. Mama mkwe alimtazama usoni. Kisha akaenda mezani, akamimina maji, akaniletea glasi kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sasa kunywa."