Maua ya Juu ya Wamboi

Rosaline alikuwa Kachibora wiki mbili akimuuguza dada yake. Aliporudi nyumbani Kitale, alikuta maua ya juu ya kaburi la bintiye yameng'olewa yote. Mashimo kumi na mawili, udongo umeshakauka.

Binti huyo, Wamboi, ndiye aliyeyaleta, akiwa chuo cha kilimo: vitunguu vichache vya maua alivyofunga ndani ya soksi. "Haya ni ya baridi, mama," alisema. "Mengine yakilala, haya ndiyo yanaamka." Na kweli, kila Julai, watu wakitembea na makoti, yalitoa maua ya waridi yaliyoinama kama yanasikiliza. Wamboi alipofariki, Rosaline aliyahamishia juu ya kaburi lake.

Ufunguo wa geti alikuwa nao mtu mmoja tu mwingine, shemeji yake Gikonyo, ndugu wa marehemu mumewe na mzee wa kanisa. Akampigia simu.

"Aa, hayo? Nilimpelekea mke wa pasta kule Bungoma. Aliyasifu alipotutembelea. Si ni maua tu, shemeji?"

"Ulimuuliza nani?"

"Niulize nani, na boma ni la ndugu yangu?"

Rosaline alikata simu. Alivaa ndara, akachukua jembe dogo na gunia, na kufikia saa nane alikuwa Bungoma, mlangoni kwa pasta.

Phelista, mke wa pasta, alimkaribisha chai. Rosaline akakataa kuketi.

"Maua uliyoletewa na Gikonyo yalitoka kwenye kaburi la mtoto wangu."

Phelista akashika mdomo. "Uwii! Mama, aliniambia ni zawadi kutoka kwako!"

Walikwenda nyuma ya nyumba. Yalikuwa yamepandwa kando ya bomba, yakimwagiliwa asubuhi na jioni kama sukuma wiki. Majani yalikuwa ya manjano. Rosaline alipiga magoti, akachimba. Kitunguu cha kwanza kilipasuka vidoleni kikanuka. Cha pili vilevile.

"Hayataki maji mengi!" alifoka. "Angeuliza tu! Mtu mzima anashindwaje kuuliza?"

Phelista alipiga magoti matopeni na nguo yake ya mkutano, akachimba naye. Vizima vilikuwa vitano.

Jumamosi Rosaline alikuwa akivipanda tena kaburini Gikonyo alipofika kwa pikipiki. Ufunguo wake ukagoma kwenye kufuli mpya.

"Shemeji, fungua. Phelista amenisema vibaya mbele ya wazee, ati mimi mwizi."

"Na wewe ni nani?"

"Nimekuja tuombe pamoja, yaishe."

"Omba ukiwa hapo nje."

Gikonyo alivua kofia. Rosaline hakugeuka. Alishindilia udongo kwa viganja, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, akilia kwa hasira, hadi aliposikia pikipiki ikiondoka.