Kengele ya Kitanda cha Saba

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi wa mtandao alipiga magoti katika chumba cha mitambo cha hospitali, jengo jipya, akaandika amri aliyopaswa kuiandika Ijumaa.

Hospitali ilikuwa na majengo mawili, yameunganishwa kwa njia mbili kupitia mitambo ya kampuni yake. Kila baada ya sekunde mbili swichi za hospitali, vifaa vinavyogawa ujumbe wa mtandao, hupeana salamu. Kwa salamu hizo hutambua kwamba njia ni mbili, zikaifunga moja. Salamu zisipofika, njia zote hubaki wazi, na ujumbe huzunguka humo bila kufa wala kuzeeka. Mitambo ya kampuni huzitupa salamu za wateja mpaka iamriwe kuzipitisha, na iamriwe pande zote mbili. Ijumaa fundi alimaliza upande mmoja. Meneja akamwambia, "Huo mwingine Jumatatu. We washa tu, bwana, mteja hajui kitu." Fundi akawasha. Mkono ulikuwa wake, si wa meneja.

Jumamosi ujumbe uliozunguka uliziba mtandao, na kengele za wodi, zinazopita humohumo, zikakatika. Kwenye kitanda cha saba alilala shangazi yake fundi, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Alikutwa ameshapoa, kidole kikiwa kwenye kitufe.

Sasa, Jumatatu, amri ilikubali, mzunguko wa ujumbe ukakatika, na kengele ya kitanda cha saba ikalia. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limenyooshwa. Muuguzi wa zamu akainua simu ya ukutani.

"Nesi, pumzi inanikata," ilisema sauti ya shangazi.

"Nakuja, mama," muuguzi akajibu. Akaenda, akafungua dirisha, akarudi kuandika saa kitabuni. Kazi ni kazi.

Tangu hapo ililia kila siku, saa tatu na robo. Mgonjwa wa kitanda cha nane aliomba ahamishwe, kwa sababu ya kelele.

Fundi alimpelekea meneja habari.

"Inalia?" meneja akauliza. "Basi mtandao unafanya kazi."

Ripoti ya hitilafu meneja alishaiandika: chanzo, radi. Mwezi mzima halikudondoka hata tone la mvua. Fundi aliomba irekebishwe.

"Nikirekebisha, jina litakaloingia ni la aliyewasha. Nirekebishe?"

Fundi akatia saini palipoandikwa shahidi. Alijichukia mpaka kalamu ikamtoka mkononi.

Siku ya tisa alikwenda kukaa kando ya kitanda. Kengele ilipolia, akaiwahi simu yeye.

"Nipo, shangazi."

"Umechelewa, mwanangu. Umekula lakini?"

"Nimekula." Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake.

"Haya. Nifungulie dirisha."

Alikuwa bado ameshika komeo la dirisha ujumbe wa meneja ulipoingia kwenye simu yake: hospitali nyingine, upande mmoja leo, mwingine Jumatatu. Fundi akaandika "Sawa", akachukua mkoba wake wa vifaa. Kengele ikalia tena, na muuguzi akaandika saa.