Ubao Usio na Tundu

Klabu yetu ya shabaha ilinipa kazi ya kuchora uwanja mpya mwezi wa Mei, wiki chache baada ya kumzika mtoto wetu. Nilijua ni huruma. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uliotangulia tu, na kule mjini Merano wako wachoraji wa majengo wenye mvi. Lakini Kassian, mwenyekiti, alikuja mlangoni na vipimo vya kiwanja mkononi. "Burgi, mwanangu, tuchoree," alisema. "Mikono isikae bure."

Nikachora. Haikuwa vigumu. Uwanja wa zamani ulitazama magharibi, na jua la jioni liliwaingia wapigaji machoni. Niliugeuza utazame kaskazini, mlima wenyewe uwe tuta la kupokea risasi. Juu ya njia ya risasi niliweka vizuizi vya magogo, kimoja nyuma ya kingine, ili hata bunduki ikimponyoka mtu, anayechuma matufaha juu ya mteremko asijue chochote. Nilipanga pa kupigia, pa kusafishia bunduki, na kuta za kumeza mlio. Nililala vizuri. Nilikula nilichopewa. Watu walisema napata nafuu, nami sikuona sababu ya kuwabishia.

Kilichobaki ni ukuta mmoja.

Kwetu, mwanachama akipata mtoto, klabu humchorea ubao wa duara. Wote huupiga, kila mtu na risasi yake, na jina la aliyekaribia kitovu huandikwa chini. Kisha ubao hutundikwa klabuni. Wa Vigil, mume wangu, upo hadi leo, una matundu kwenye bawa la korongo aliyechorwa amebeba kichanga. Ubao usiopigwa hautundikwi. Tundu ndilo linalosema kwamba watu walikuja.

Wa binti yetu ulikuwa tayari. Filomena, bibi anayetuchorea, hakuwa na subira. Alichora susu ya mtoto chini ya mtufaha uliochanua, akaacha mahali peupe pa kuandika jina. Mtoto akazaliwa hana pumzi. Tangu siku hiyo ubao ulikaa nyuma ya jiko la klabu, uso umegeukia ukutani, na kila aliyetia kuni alijifanya haoni.

"Huu ukuta wa kutundikia mbao umeuacha wazi," Kassian aliniambia mkutanoni, miwani ikiwa juu ya kipaji cha uso. "Fundi anataka urefu."

"Inategemea tunatundika mbao ngapi."

"Hizi zilizopo."

"Na ule wa nyuma ya jiko?"

"Burgi," alisema Vigil, akiitazama glasi yake.

"Nauliza tu. Kwenye mchoro hakuna labda. Kama hautundikwi, nipeni nikauchome. Kama unatundikwa, upigwe kama zingine. Sitaki uhamie nyuma ya jiko jipya."

Sauti yangu ilikuwa ile ile niliyotumia kuelezea vizuizi. Filomena aliweka kikombe chini.

"Jumapili, baada ya misa," alisema. "Na Kassian ashushe miwani machoni, asije akampiga paroko."

"Wewe mwaka jana si ulipiga shabaha ya jirani?"

"Ilikuwa inanitazama vibaya."

Jumapili walikuja wote, na makoti yao ya sherehe. Ubao ulisimamishwa kwenye uwanja wa zamani, mita hamsini kutoka kwetu. Walipiga mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtania mwenziwe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nikihesabu tu jinsi mlio unavyorudi kutoka mlimani.

Ubao ulipoletwa, haukuwa na tundu. Hata moja. Hawa ni watu ambao wakishindania paja la nguruwe hutoboa sarafu.

"Upepo," alisema mtu. Majani ya mitufaha yalikuwa yametulia kabisa.

Nilipitisha kidole juu ya rangi. Ilikuwa laini. Ndipo nikahisi kitu, kidogo tu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuchoma. Ilikuwa hasira.

"Mmekosa wote?"

"Mkono unakataa, mwanangu," alisema Kassian. "Kuipiga susu yake, tukijua..."

"Korongo wa Vigil mlimtoboa huku mkicheka. Mimi mnanikwepa njiani tangu Aprili, sawa, nimezoea. Lakini na yeye mnamkwepa?"

Vigil alichukua bunduki bila kunitazama. Ubao ukarudishwa. Alilenga muda mrefu mno, nikadhani naye atapiga mlima. Alipoteremsha bunduki, tundu lilikuwa kwenye shina la mtufaha, juu kidogo ya susu.

"Baba mzima, na amepiga mti," alisema Filomena. "Nipisheni."

Wakarudi kwenye mstari, mmoja mmoja. Safari hii nilisikia maneno. Kassian aliambiwa angepiga vizuri zaidi akifumba macho yote mawili. Mwingine aliulizwa kama bunduki yake ni ya kumwagilia bustani. Filomena alishinda, tundu lake likiwa katikati kabisa.

"Wizi huo," Kassian alilalamika. "Umeuchora mwenyewe, unajua kitovu kilipo."

"Nawe umetazama mbao miaka arobaini, umejifunza nini?"

Walicheka. Walicheka mbele ya ubao wa binti yangu kama wanavyocheka mbele ya ubao wa mtoto yeyote. Filomena alichovya brashi, akauliza jina. Mimi na Vigil hatukuwa tumelitamka hata tukiwa wawili.

"Apollonia," alisema Vigil.

"Lina herufi ngapi za l?"

"Mbili," nikasema.

Alipomaliza kuandika nilitoa utepe wa kupimia mfukoni. Nikamwomba Vigil ashike ncha moja, nipime upana wa ubao, fundi apate urefu wa ukuta.